Kurasa Mia Tisa za Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa walimu. Balaa! Mkuu wa Shule anasema Fasihi ya Dunia inakula vipindi vitano kwa wiki na hakuna ajuaye inazaa nini. Ijumaa atakaa nyuma ya darasa langu ajionee. Akiridhika, somo linabaki. Asiporidhika, vipindi vyote vinakwenda Biashara, na mimi nakwenda kusimamia stoo ya michezo. Mipira! Mimi, mwenye shahada!

Mwalimu wa Biashara aliitikia kwa kichwa tangu Mkuu alipofungua kinywa. Jina lake la utani ni Tai. Wanafunzi wanasema ni kwa sababu ya kile anachofunga shingoni. Mimi nasema ni kwa sababu ya ndege. Mkutano haujapoa, tayari yumo darasani kwangu anapima ukuta kwa shibiri, aone chati zake zitakaa wapi.

Kuna tatizo dogo. Riwaya yetu ni ile nene ya kigeni, ya fundi saa na mwanawe. Kurasa mia tisa. Mwandishi alikufa zamani, hata mifupa yake imesahau aliandika nini. Nimeifundisha miaka kadhaa. Kuimaliza ni jambo jingine. Nimefika ukurasa wa sitini na moja. Utangulizi lakini naufundisha kwa kina sana.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni mali. Mama mkwe yuko kwetu tangu apasuliwe goti, kazi yake kutazama dari. Nimempa riwaya. Nikasema ni zawadi, nikaomba tu awe ananisimulia kidogo kidogo, akili yake isilale. Mke wangu alinitazama kwa jicho lile.

Jioni nikavuta kiti, kalamu mkononi. Nikauliza tumefika wapi. Mama mkwe akasema ningoje. Nikangoja. Akafunua ukurasa. Nikauliza tena, angalau kijana kagombana na babaye kwa nini? Akasema nisimharibie uhondo, na kama nataka kujua, macho Mungu kanipa mawili. Kisha akaniagiza nimsogezee taa.

Sasa sina hata kitabu.

Jumatano, 5 Machi

Ya jana yamepita. Leo nimepata wazo ambalo lingestahili nishani. Wanafunzi wanazo nakala zao, basi nimeigawa riwaya vipande, kila kikundi kipande chake, wasome na kuwasimulia wenzao. Mimi nakaa nyuma, nasema natathmini. Kumbe naandika kila neno! Bega linauma kwa kuandika.

Hadithi tamu, sikujua! Kijana anamtoroka babaye, anakwenda mji wa mbali, anatajirika kwa kuuza bata. Mwishoni anarudi kuomba radhi. Anapita chini ya mnara wa saa ambao babaye ndiye aliyeujenga, na kengele ya mnara inamwangukia. Papo hapo! Aliyesimulia kifo hicho ni msichana wa dirishani, yule anayecheka bila sauti. Nilifuta machozi. Darasa zima lilikuwa linatazamana macho yaking'aa. Hayo ndiyo mapenzi ya fasihi, nikajiambia.

Alhamisi, 6 Machi

Tai kanivizia ofisini kwenye birika la chai. Akauliza kitabu changu kinaishaje. Nikampa kengele yote, na mikono juu. Akataka ukurasa. Nikamwambia sanaa haina ukurasa.

Ila kanipa wazo bila kujua. Ijumaa sitasimulia kengele. Nitaiangusha! Nimeiazima ya shule, ile ya shaba, nikamwambia mlinzi inahitaji kupigwa msasa. Matokeo yake mapumziko hayakugongwa. Kidato cha kwanza walifanya hesabu mpaka mchana, wawili wakasinzia na mmoja akalia. Mkuu alizunguka shule nzima akitafuta kengele. Nilimsaidia kutafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu alikaa nyuma. Tai pembeni yake, eti kaja kujifunza, na futi ya fundi mfukoni.

Nikaanza vizuri. Sauti ikapanda. Nikafika mnarani, nikanyanyua kengele, nikapaza sauti kwamba majaliwa hayana huruma, nikaiachia. Mguu wa meza ukavunjika. Kengele ikabingirika mpaka kwenye viatu vya Mkuu. Akaitazama. Akanitazama mimi.

Msichana wa dirishani akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Kengele haimwangukii."

Nikasema imemwangukia, ninayo kwa maandishi.

"Tuliitunga sisi," akasema. "Na bata pia."

Tai akacheka kama debe la misumari. Nilitamani ardhi ipasuke. Mkuu akauliza polepole, basi kijana anakufaje?

"Hafi," akajibu mvulana mrefu wa mstari wa mbele. "Anasahau tu kurudi nyumbani. Barua zinapungua, halafu zinakwisha. Mzee anaendelea kujaza saa."

Mwingine akadakia kwamba kijana hakusahau, aliona haya. Wa tatu akasimama: haya ya nini, si yeye aliyemwibia mzee? Wakaanza kurushiana kurasa, mia nne na ngapi, mia saba na ngapi, wanafunua, wanasoma kwa sauti, wanakatana kauli. Mimi nikabaki nimesimama na mguu wa meza mkononi. Hakuna aliyenitazama. Mkuu alijikuta anabishana na mvulana mrefu. Muda ukaisha bila mtu kujua, maana kengele ilikuwa sakafuni.

Mlangoni nikamwuliza msichana wa dirishani, kwa nini kunifanyia hivi? Akasema waliniona ninanakili. Nikauliza kwa nini basi wakasoma kitabu kizima, kama nia ilikuwa kudanganya.

"Ili uongo ukae vizuri, mwalimu. Halafu tukashindwa kuacha, tukakesha nacho."

Mkuu akaniita. Somo linabaki, akasema, na wala si kwa ajili yangu. Akawa anaisugua kengele kwa kitambaa. Kisha akanikabidhi riwaya ya muhula ujao. Juzuu mbili! Nitaifundisha pamoja na Tai, kwa kuwa mwenye nafasi ya kupima kuta za watu hakosi nafasi ya kusoma.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemkuta mama mkwe sebuleni analia. Nikakimbilia dawa za goti. Si goti. Amemaliza kitabu.

Nikakaa kando yake. Nikamwambia najua, kijana hakurudi. Akatikisa kichwa.

"Hujui, baba," akasema. "Hukuwepo."

Hilo liliniingia, sijui kwa nini. Mke wangu kamaliza kukunja nguo, kakaa upande wa pili, naye akaanza kuulizia fundi saa. Wakazungumza juu yake kama jirani aliyehama. Mimi nilikuwa katikati na sikuwa na la kuchangia, ila utangulizi.

Nikachukua kitabu, nikaenda uani. Ukurasa wa sitini na mbili. Nikausoma wote. Ni mzuri! Nikaingia wa sitini na tatu. Mke wangu kaniamsha wakati wa chakula.

Jumapili, 9 Machi

Nimefikiri kwa kina. Kosa nimelipata: wanafunzi ni wengi, rahisi kula njama. Kazi ya namna hii inataka mtu mmoja, mzima, mwenye aibu zake.

Mchana Tai kapita nyumbani na riwaya kwapani, tai shingoni hata leo. Nikamwekea kiti. Nikampa pendekezo la kiungwana: mimi nisome juzuu ya kwanza, yeye ya pili, kisha tusimuliane. Hakuna haja ya watu wawili kuchosha macho kwa kitabu kimoja. Alikubali kabla sijamaliza sentensi, akanipa mkono, akaaga mbiombio kama mwenye miadi. Mtu safi kabisa. Nilikuwa namdhania vibaya.

Kesho mapema nianze kutafuta mtu wa kunisomea juzuu ya kwanza.