Kompyuta Moja, Wakemia Watatu

Jumatatu, 4 Agosti 1986
Kompyuta imefika. Zawadi ya wafadhili, moja tu, tuitumie kwa pamoja wakemia watatu: mimi wa maji, hapa Kambarage, Mzee Otmar wa mafuta ya pamba, na Apolonia wa dhahabu, kutoka Geita. Wiki hii ya majaribio iko kwangu. Jumamosi tunapiga kura ikae wapi moja kwa moja. Lazima ibaki. Visima vyangu vina floridi, meno ya watoto yanageuka kahawia, na hesabu ya kusafisha kisima kimoja, kwa mkono, hunichukua mwezi. Halafu, kusema kweli, nimeshajiona nikiitwa Msimamizi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepanga zamu. Mimi: asubuhi zote na alasiri zote. Wenzangu: saa ya chakula cha mchana, wagawane. Nikawaeleza kwa upole kwamba dhahabu haiozi. Apolonia akajibu kuwa hata maji ya kisima yamekaa chini miaka mingi bila kulalamika. Mzee Otmar alicheka mpaka akavua miwani. Zamu zikapangwa upya. Na Apolonia.

Jumatano, 6 Agosti
Vumbi la Agosti halina adabu. Mke wangu, Mama Zuleha, ametoa kitambaa alichokifuma mwenyewe, ndugu wa kile cha redio yetu, kizito, chenye tausi wawili. Nimeifunika kompyuta ikiwa kazini, maana vumbi halingoji mtu amalize hesabu. Imependeza kama bibi harusi. Baada ya saa moja ikazimika, katikati ya hesabu ya Apolonia. Nikamwambia dhahabu yake ina tarakimu nyingi mno, zimeichosha.

Alhamisi, 7 Agosti
Imezimika tena, safari hii kwa Mzee Otmar. Alinuna. Nikampa shikamoo ya pili, akaitikia akitazama ukuta. Nadhani mafuta yake ndiyo yanayoizima.

Ijumaa, 8 Agosti
Imezimika kwangu! Dakika arobaini tu. Basi ni vumbi, hakuna kingine. Nikaongeza kitambaa cha pili, cha mezani, nikaiwasha, nikaenda msikitini. Kurudi, harufu ya plastiki inayoungua. Apolonia ameshafunua vyote viwili. Akaniita, "Baba Zuleha, hebu weka mkono hapa." Matundu ya nyuma, ya kutolea joto. Moto kama kikaango. Akaniuliza kama nikilala huwa najifunika na pua.

Jumamosi, 9 Agosti
Kura. Geita mbili, Kambarage moja. Hiyo moja namjua aliyeipiga. Mzee Otmar akasema hana ugomvi nami, ila anapenda mashine inayopumua. Nikajua visima vyangu ndiyo basi tena. Apolonia akasema hapana, nimletee vitano vilivyo vibaya zaidi, ataanza na hivyo. Watoto kwanza, dhahabu baadaye. Nilishukuru kwa moyo wote. Macho yaliniwasha, nikasingizia vumbi. Nikapewa kazi ya kukusanya karatasi za hesabu, zangu na za Mzee Otmar, na kuzituma kwa basi kila wiki.

Jumapili, 10 Agosti
Nimefunga bahasha ya kwanza. Tulikubaliana visima vitano. Nimeandika arobaini na kimoja, kwa mwandiko mdogo, vienee ukurasa mmoja. Karatasi za Mzee Otmar zikakosa nafasi. Mafuta yatakwenda wiki ijayo. Apolonia ana kazi nyingi kule. Hatagundua.