Gesi ya Makambi

Jumatano, 9 Julai

Bwana asifiwe! Jumapili wazee wa kanisa watakuja kuangalia jiko langu la gesi ya samadi. Sufuria ya maharage ikiiva mbele yao, chakula cha makambi, mkutano wetu wa kanisa wa kila mwaka, kitapikwa kwa gesi yangu, na msimamizi wa jiko ni mimi. Isipoiva, ni mkaa wa Melkiadi, kama kila mwaka. Mke wangu Verediana nimemkataza kuwasha gesi hadi siku hiyo, ijae. Amerudi kwenye kuni. Hasemi na mimi.

Ijumaa, 11 Julai

Siku ya maandalio. Fundi Renatus alisema mtambo unakula ndoo mbili kwa siku, basi. Lakini kesho Sabato, na kubeba samadi ni kazi! Nikatia ndoo mbili za leo, mbili za kesho, mbili za Jumapili. Melkiadi akapita na baiskeli, akauliza kama naulisha au nauzika. Verediana ndipo akafungua mdomo:

“Baba Careen, na wewe nikupakulie ugali wa siku tatu?”

Nikaenda kuoga. Nilikuwa nanuka.

Jumamosi, 12 Julai

Jua limezama, sasa naandika. Asubuhi nimekuta mfuko wa gesi umevimba, unazomea kama nyoka. Kufungua koki ni kazi au si kazi? Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, Maandiko yanaruhusu kumtoa. Lakini ule si ng'ombe, ni kilichotoka kwa ng'ombe. Nikaenda kusali. Nikarudi na mzee wa kanisa, jirani yetu Isack, tule pamoja. Tunafika uani, paa! Jamani! Samadi imeruka hatua kumi na mbili! Shati jeupe la Mzee Isack! Tai! Biblia imepona kwa kukumbatiwa. Melkiadi akaja mbio na ndoo ya maji, akamwosha mzee. Kuchota maji siku ya Sabato! Hilo limenishtua kuliko mlipuko.

Jumapili, 13 Julai

Wazee hawakuja. Makambi ni mkaa. Nimelia kidogo.

Mchana Mzee Isack akaja peke yake, akasimama mbali. Hana hasira! Anaomba samadi ile ile kwa ajili ya migomba yake. Verediana akasema toroli lipo.

Toroli la nini? Nimepima. Mtambo hadi migomba, hatua ishirini na nane. Ndoo sita zilirusha kumi na mbili. Renatus akishaziba mfuko kesho, nahitaji ndoo kumi na nne tu.