Nilivyokwenda Ukweni na Kichwa Nusu

Ndugu zangu Hamza na Yohana,

Leo nimeumbuka. Siyo kuumbuka kwa kuanguka na baiskeli mbele ya wanafunzi, hayo nimeshayazoea. Leo nimeumbuka mbele ya wazee wa mke wangu, na mama mkwe akiwa nyuma ya mlango anasikia kila kitu.

Mnajua kwamba Zaina aliondoka. Hii ni wiki ya tatu yuko kwa baba yake, Kilole. Sababu labda hamkuambiwa. Mama yangu ni mtu wa chama cha uhuru, tena wa kutoka moyoni. Siku za mikutano yeye ndiye anayeongoza ngoma ya akina mama. Baba yake Zaina ni karani wa boma, na kadi yake ni ya kile chama kingine, kinachopendwa na wakubwa. Mwaka jana watu hawa wawili walikuwa wakipelekeana mihogo. Mwaka huu mama amekataa kula chakula kilichopikwa na binti wa karani. Akapanga mafiga yake upande wa pili wa ua, akawa anapika peke yake. Zaina naye akapika kwake. Mimi nikala kwa wote wawili, kila jioni, ugali mara mbili, ili nisimuudhi mtu. (Ndiyo maana ile suruali yangu ya kaki haifungi tena.) Mwalimu mkuu alikwisha kutusomea waraka kwamba mwalimu wa Serikali haruhusiwi mambo ya siasa. Waraka ule niliupenda sana. Mtu akiniuliza niko upande gani, namtajia waraka.

Nimechoka, ndugu zangu. Darasa la tatu wamechora mstari wa chaki katikati ya chumba, watoto wa huku wakae huku, wa kule wakae kule. Naufuta, kesho yake umerudi. Hata chai ya sokoni inauzwa sehemu mbili, na mimi nakunywa vikombe viwili. Nimechoka hoi.

Leo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwenda kumwomba Zaina arudi. Baba mkwe alikuwa ameita wazee, saa kumi kamili. Saa nane nikaenda sokoni kunyoa, niende ukweni nikiwa mtu wa kutazamika. Nikakaa kwa Fundi Matola, yule aliyekuwa mkata mkonge kabla hajashika mashine ya nywele. Matola ni mtu wa chama cha uhuru. Kadi yake ameichomeka pembeni ya kioo. Akaniuliza, kwa wema tu, leo Mwalimu ananyoa kwa ajili ya harusi gani. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Nikamwambia ninakwenda kwa baba mkwe, yule karani.

Mashine ikasimama. Ilikuwa imemaliza upande wa kulia, kutoka sikioni mpaka utosini. (Kazi safi kabisa, kwa hilo sina lawama.)

"Yule aliyetunyima kibali cha mkutano?"

Nikamweleza kwamba yeye anaandika barua tu, anayekataa ni mkubwa wake.

"Mwalimu, kichwa kinachokwenda kumwinamia yule mtu, mimi sikimalizi."

Akanivua kitambaa shingoni, akakikung'uta, akamwita mteja mwingine. Nilidhani anatania. Watu wa kwenye benchi nao walidhani anatania, mpaka yule mteja alipokuja kukaa kwenye kiti changu.

Ng'ambo ya barabara yuko Fundi Kassimu, anayenyoa watu wa boma. Nikavuka nimeshika kichwa kama mtu anayeumwa. Kassimu akaniangalia kwenye kioo chake, akasema kazi iliyobaki ni ndogo, lakini kwanza nitamke kwa sauti, watu wasikie, kwamba kwa Matola sirudi tena. La sivyo kesho atasemwa kwamba amenyang'anya kichwa cha mtu. Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, maana hapo hapo nikamwona mama. Anauza vitumbua hatua kumi tu kutoka pale. Alikuwa amesimama, upawa mkononi.

"Huyo akigusa kichwa chako, kichwa hicho usikilete nyumbani kwangu."

Mengine aliyasema kwa Kizigua, na sitayaandika kwenye barua itakayopita posta. Nikabaki nimesimama barabarani, nywele upande mmoja na upara upande wa pili, lori la mkonge likinipigia honi nilipishe. Nilijaribu kukumbuka waraka wowote unaohusu nywele, sikuupata.

Nyumbani nikajaribu kujimalizia kwa wembe wangu wa ndevu, ambao ni butu tangu mwezi wa Ramadhani. Nilipojikata mara ya pili nyuma ya sikio nikaacha. Saa ilikuwa inakwenda. Kofia ya kushona ingeacha kisogo wazi, kwa hiyo nikachukua ile kofia yangu ya pama, yenye ukingo mpana, nikaishusha mpaka kwenye nyusi. Nikashika njia ya Kilole. (Nikajiambia hakuna atakayejua. Mtu mzima, mwalimu, na bado najiambia mambo ya namna hiyo.)

Wazee walikuwa watatu, wamekaa. Shangazi yake Zaina alikuwa kwenye mkeka. Nikatoa shikamoo zangu zote, zikapokelewa vizuri. Baba mkwe alikuwa na uso mkunjufu kabisa.

"Vua kofia ya jua, mkwe, ukae."

Nikasema ninaumwa kichwa. Akasema ndiyo nivue, kichwa kipate hewa. Nikasema jua la leo ni kali mno, na huku tuko ndani ya nyumba.

Uso wa baba mkwe ukabadilika. Mnajua mambo ya siku hizi. Vijana wa chama cha uhuru wanaingia boma na kofia zao kichwani, kusudi, na wakiambiwa wavue wanatazama juu. Yeye ndiye anayekaa kwenye ile meza ya mbele, kila siku anapambana nao. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo na wewe umeshaingia kwao, na umekuja kunionyesha nyumbani kwangu. Basi Zaina harudi."

Miezi yote hii nimekula ugali mara mbili ili nisiitwe mtu wa upande wowote, na sasa kofia imenichagulia chama, na mke ananipotea hivi hivi. Sikuwa na njia nyingine. Nikavua.

Mzee mmoja akasema "Innalillahi," kwa sauti ya chini, akauliza ni nani aliyefariki mpaka nikaacha kunyolewa katikati. (Huku kwetu, mtu mzima akionekana na kichwa cha ajabu ghafla, watu hufikiria msiba.) Nikasema hakuna msiba, ni kinyozi tu. Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Kisha nikasikia kicheko kingine nyuma ya mlango. Mama mkwe, ambaye kwa miaka sita ya ndoa nimemsikia akikohoa tu, alicheka mpaka akaomba maji. Baba mkwe alijitahidi sana. Aligeukia ukutani, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika.

Zaina akaingia na sinia ya kahawa. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nani kakuacha hivyo?"

Nikaeleza yote, kuanzia kiti cha Matola mpaka upawa wa mama. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Matola kasema lake. Kassimu kasema lake. Mama kasema lake. Wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Hilo ndilo lililonileta hapa. Sikuondoka kwa sababu ya mafiga ya mama. Miezi mitano ananiita binti wa boma, na wewe upo pale pale, unanawa mikono ule kwake, kimya."

Ndugu zangu, siku zote hizo nilijiona mwungwana. Nilijiona mimi peke yangu ndiye mwenye akili Korogwe nzima. Niliona aibu kuliko ile ya kichwa.

Baba mkwe, akifuta macho, akaagiza wembe mpya uletwe nimaliziwe, maana hata yeye hawezi kuzungumza na mtu wa namna hii. Zaina akakataa. Akasema nirudi nyumbani hivi hivi nilivyo, nimwambie mama kwa mdomo wangu kwamba ua ule una jiko moja, na kwamba jina lake yeye ni Zaina. Nikishasema, kesho nirudi, atanimalizia mwenyewe na tutaondoka pamoja. Nisiposema, nywele zitaota zenyewe. Kofia akaitundika kwenye msumari. Itatoka siku atakapotoka yeye.

Kwa hiyo nimetembea kutoka Kilole mpaka sokoni kichwa wazi. Matola aliponiona akageukia kando. Kassimu naye akageukia kando. Mwaka huu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo wamekubaliana.

Sasa jua linakaribia kuzama. Nawaandikia nikiwa kizingitini, na mama yuko kule anapuliza moto wake. Ninaogopa, siwafichi. Nimeandika barua ndefu hivi ili niogope polepole. Lakini amekwisha kupakua, na ameniita. Nakwenda, na leo nitasema kabla sijanawa mikono.

Jambo moja limebaki. Nasikia huko Mazingara ninyi wawili hamsalimiani tangu ule mkutano wa siasa, na kila mmoja amehamisha meza yake kwenye ofisi ya walimu. Nilikuwa nimetoa karatasi za barua mbili, yako Hamza na yako Yohana. Za pili nimezirudisha sandukuni. Barua ni hii moja. Mkitaka kunicheka, vuteni meza karibu.

Ndugu yenu,
Mwalimu wa kichwa nusu