Diski ya Hewa Ndani ya Kompyuta Namba Tatu

Jumatatu, 8 Februari 1999

Sijawahi kumwambia mtu: ugonjwa wa kompyuta namba tatu ni mimi. Ndiyo anayotumia Watiri, mwanafunzi mwenzangu. Chuo chetu hapa Ruring'u, juu ya duka la mbegu, hutumia Linux kwa kuwa ni ya bure. Nimeiagiza itenge memori ifanye diski ya hewa: diski isiyokuwepo, ila mashine inaamini ipo. Kubwa! Imemeza memori karibu yote. Programu ya Watiri ikikosa nafasi inakufa, inaandika "Segmentation fault". Ataniita, maana mashine zikikwama huitwa mimi. Nitakaa karibu naye. Mpango wote ni huo.

Jumanne, 9 Februari

Ameniita! Ati Ngatia, kuja uone, ile maneno imerudi. Nikasahau lugha zote mbili, Kikuyu na Kiswahili. Nikasema "memori", nikatoroka. Kiti cha kando yake kikakaliwa na Nderitu, aliyekaa Nairobi wiki mbili na hajaacha kutuambia. Akamuuliza Watiri kama amekula mandazi juu ya kibodi. Watiri akacheka. Kwangu hajawahi kucheka.

Jumatano, 10 Februari

Huruma imenishika. Ijumaa Watiri ana mtihani wa kutaipu kwenye mashine hiyo hiyo. Akipita, ofisi ya kiwanda cha kahawa Kianyaga itamwajiri. Nimefuta diski ya hewa. Hitilafu ikabaki! Kumbe kadi ya memori yenyewe ina uchafu kwenye meno. Nimeichomoa, nikaipaka mafuta ya kukamulia. Kwetu yanaponya kila kitu: chuchu za ng'ombe, visigino vya nyanya yangu Cucu, bawaba za lango.

Alhamisi, 11 Februari

Namba tatu haiwaki. Inalia pii, pii, kama ndama aliyenyimwa titi. Nderitu akainusa kadi, akatangaza ati imepakwa mafuta ya ng'ombe, nani hapa ametoka zizini? Wote wakamtazama Watiri, maana kwao Mukurweini ni watu wa maziwa. Mwalimu Wamae akasema aliyeharibu hafanyi mtihani. Watiri akaitazama mikono yangu. Inang'aa mafuta.

Ijumaa, 12 Februari

Kusema sikuweza. Nilisukuma barua chini ya mlango wa Mwalimu: ni mimi. Adhabu: kufagia chuo mwezi mzima. Nderitu akasugua meno ya kadi kwa raba ya penseli. Dakika mbili! Ikawaka. Watiri amepita. Akiaga, aliniambia polepole ati nilinuka zizi tangu juzi, na kama nilitaka kukaa naye si ningeuliza tu. Kiti kilikuwa wazi tangu Januari.

Tangu Januari!

Jumamosi, 13 Februari

Ameenda Kianyaga. Nimefagia chini ya namba tatu mara nne.

Lakini kabeba zawadi yangu: diski ya kuwashia Linux, anwani yangu juu. Ndani nimeficha diski ya hewa. Ndogo hii, ila kila siku inanenepa kidogo. Kufikia Jumatano atalazimika kuniita Kianyaga. Mkebe wa mafuta uko tayari, chini ya kitanda.

Nasikia hatua. Mama anauliza nani amechukua mafuta ya kukamulia. Amefika mlangoni. Wacha nifiche hii kara—