Kanda Moja, Pua Moja

Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote ya kisheria, Wakili Kimya alifunga madirisha. Sekretarieti ya Kanda ya Wanataaluma wa Sheria za Mazingira ilijengwa kando ya mto ili wanataaluma wawe karibu na mazingira wanayoyalinda, na mto ulinuka mayai viza. Alikuwa akifunga upande wa mtoni, akifunga upande wa barabarani, kisha akipuliza manukato ya waridi mpaka mapazia yakalowa. Ndiyo kazi aliyopewa alipoleta shahada yake ya sheria. Aliifanya vizuri, kazi ni kazi.

Siku hiyo alikuwa hajamaliza chumba cha mikutano mlango uliposukumwa. Mkurugenzi, ambaye kwa kawaida hufika chai ikiwa tayari mezani, aliingia akihema kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

"Binti, acha hayo! Historia imebisha hodi!"

Wakili Kimya akachungulia mlangoni. Hakukuwa na mtu.

"Nchi zote zimeridhia," Mkurugenzi akatangaza, mikono juu. "Kuanzia leo tuna Kanda Moja, Pua Moja!"

Tatizo la ushirikiano wa kikanda, kama alivyokwisha kulieleza katika warsha nyingi, lilikuwa ni pua. Kila nchi ilikuwa na yake. Uvundo uliokuwa jinai upande huu wa mpaka, upande wa pili ulikuwa harufu ya maendeleo. Basi wataalamu wakakaa, wakajengeana uwezo, wakaahirisha, wakakaa tena. Sasa harufu zote za kanda zimepangwa katika madaraja matatu: ya Kawaida, yenye Changamoto, na Inanuka. Pua tatu zilizoapishwa, kutoka nchi tatu, zikikubaliana kuwa mahali pananuka, mchafuzi anafungiwa papo hapo. Pasipo pua tatu, kisheria hapajanuka.

"Na faili la kile kiwanda, Mheshimiwa?" Wakili Kimya aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Faili lenyewe lilikuwa mezani kwa Mkurugenzi tangu masika yaliyopita, likisubiri saini moja tu. Kiwanda kilikuwa cha kutia rangi vitambaa, huko juu mtoni, mali ya shemeji yake Mkurugenzi.

"Lipo kwenye mchakato. Hatuwezi kumfungia mtu kwa pua ya nchi moja, huo ni ubaguzi. Subira huvuta heri, binti."

Si bure wafanyakazi walimwita Bwana Mchakato.

Wakili Kimya alikuwa na jambo la kusema. Lilipanda mpaka kooni, likakutana na manukato, likarudi lilikotoka.

"Sawa, Mheshimiwa," akasema.

Jioni alimkuta mama yake mdogo ameketi uani kati ya mabeseni yake. Alikuwa dobi, na alifua kwa maji ya mto kwa kuwa bombani hakukuwa na maji ya kutosha kazi hiyo.

"Faili limefika wapi, mwanangu?"

"Lipo kwenye mchakato, mama mdogo."

"Huyo Mchakato anakaa mtaa gani, nikamfulie nguo? Labda atatuonea huruma." Akacheka. "Leo mashati ya wanafunzi yametoka zambarau. Mwalimu mkuu ananiambia nimebadilisha sare ya shule bila idhini ya bodi."

Walicheka wote wawili, lakini mama mdogo aliisukuma mikono yake chini ya kitambaa cha mapajani. Wakili Kimya alikuwa ameshaiona. Ngozi ya viganja ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kwa viganja hivyo nguo za mtaa mzima zilikamuliwa ili yeye asome sheria.

"Vidole havikunjiki tena, mwanangu," mama mdogo akasema taratibu. "Maji yakiendelea hivi, mwezi ujao nitaanika mabeseni, si nguo."

Siku ya uzinduzi wajumbe walikuja na mabegi na vitambulisho shingoni. Pua wa Kaskazini alikuwa mkaguzi mrefu mwenye suti ya kijivu. Pua wa Magharibi, mkemia mnene mcheshi. Pua wa Kusini, bibi wa miwani aliyekuwa mwendesha mashtaka. Waliapishwa kila mmoja akiwa ameshika pua yake. Kisha wakanusishwa chupa ya maji ya kunywa, wakaijadili mpaka chakula cha mchana bila kuafikiana.

Mkurugenzi alitabasamu. Katika azimio zima kulikuwa na kifungu kimoja alichokiandika mwenyewe: Pua zikikubaliana, uamuzi hautakuwa na nguvu mpaka Afisa Sheria wa nchi mwenyeji autamke mbele ya wajumbe, na autie saini kwa niaba ya Mkurugenzi. Katika utumishi wake wote hakuwahi kusaini kitu chenye matokeo. Mambo yakiharibika, aliyesaini ajijue. Na Afisa Sheria mwenyewe ndiye huyu binti wa manukato. Kutamka? Thubutu!

Ikabaki picha ya pamoja, maana azimio bila picha ni porojo. Mkurugenzi akataka mto uonekane kwa nyuma, na bango la Kanda Moja, Pua Moja kwa juu.

"Waheshimiwa, nyuma kidogo," mpiga picha akasema. "Bango halijaingia. Nyuma tena. Tena. Hapo hapo! Tabasamu!"

Hakuna aliyetabasamu. Mto siku hiyo ulikuwa zambarau, povu limesimama kama keki ya harusi. Pua tatu za kanda ziliziba pua zao kwa pamoja.

"Toeni mikono usoni, mnaharibu picha!"

"Nikitoa mkono hapa, utanizika papo hapo," Pua wa Kusini akamjibu.

"Ni mafua," Mkurugenzi akawahi. "Mabadiliko ya tabianchi, ndugu wajumbe."

"Mafua yangu nimeyaacha kwetu," Pua wa Kaskazini akasema. "Kule mwenye kiwanda ni waziri wangu. Nikivuka mpaka tu, pua inazibuka."

"Kumbe na wewe?" Pua wa Magharibi akaruka. "Mimi kwetu sijanusa kitu tangu niajiriwe!"

Wakashikana mikono kama ndugu waliopoteana. Huo ukawa ushirikiano wa kwanza wa kweli katika historia ya kanda.

"Inanuka," akasema wa Kaskazini.

"Inanuka," akasema wa Magharibi.

"Inanuka bila haya," akasema bibi, kisha akamgeukia Wakili Kimya. "Tamka, binti yangu. Sisi kesho tunarudi kwenye mafua yetu."

Mkurugenzi akamsogelea sikioni. "Sema 'yenye Changamoto'. Usinichomee, binti. Mengine yatamalizwa na mchakato."

"Sawa..." Wakili Kimya akaanza, kwa mazoea.

"Sauti!" mpiga picha akapaza.

Akavuta pumzi, kosa kubwa mahali pale, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Alipoinua uso, jambo lile lilikuwa limeshapita kooni.

"Si sawa," akasema, na sauti ikafika ng'ambo ya mto. "Inanuka. Imenuka kila siku niliyokuitikia sawa, Mheshimiwa, na sikuwa na maana ya sawa. Nilikuwa na maana kwamba shemeji yako anamchuna mama yangu mdogo ngozi, na wewe unajua. Kiwanda kifungwe leo. Nasaini kwa niaba yako."