Jino la Mbele na Mwanya Alioupenda Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya arobaini na tatu ya ndoa. Bado naamka kabla yake ili nimtazame anavyokoroma. Anakoroma vizuri sana.

Mchana karudi kutoka studio yake ya picha, shati limelowa jasho, kiu imemkaba. Soda ipo. Opena haionekani. Mke gani angemwacha mumewe katika hali ile? Nikaifungua kwa meno. Kizibo kikatoka. Jino la mbele nalo likatoka, nusu na zaidi. Nikafunga mdomo papo hapo, nikampa soda, nikatabasamu kwa macho. Akanywa yote. Hakuona kitu. Kipande sijui kilirukia wapi.

Na jino lenyewe ni moja kati ya yale mawili yenye mwanya! Mwanya huo ndio ulioniletea mume. Nilikwenda kupiga picha ya kitambulisho, akanipiga kumi na mbili, kila moja akidai nimefumba macho. Humu ndani hata jina langu ni Mwanya. Bila mwanya mimi ni nani?

Mpango: asijue.

Alhamisi, 6 Machi

Siku tatu naongea nimefunika mdomo kwa leso. Nimesema ni mafua. Kaniletea dawa ya mafua, nimeinywa kwa mapenzi.

Leo nimeaga naenda sokoni, nikaenda kwa daktari wa meno. Mama wa makamo, mikono ya baridi, hana mzaha. Akauliza kipande kiko wapi. Nikasema kimepotea. Akasema kingeletwa siku ileile, kimetumbukizwa kwenye maziwa, pengine angekibandika tu na mambo yakaisha. Sasa ni kofia: jino linachongwa libaki kisiki, kisha linavalishwa kofia yenye umbo la jino. Fundi anahitaji karibu wiki mbili kuitengeneza. Kwa sasa nimevaa ya muda. Nisiume kitu kigumu, nisitafune kinachonata, na ikitoka nirudi nayo upesi, nisijitibu.

Niliitikia yote. Mawazo yalikuwa Jumamosi ya tarehe 22. Siku hiyo mume wangu atanipiga picha kubwa ya kuweka kwenye kioo cha mbele cha studio, mtaa mzima uone alichopata.

Daktari akaomba picha yangu ya zamani, fundi aone mwanya ulikuwaje. Hapo nikapata akili. Kama mwanya mdogo ulimpa mtu wazimu wa picha kumi na mbili, mkubwa je? Nikasema picha sina, ila mwanya ulikuwa mpana, nikamwonyesha kwa vidole. Akasema kisiki kinamwambia vingine. Nikamjibu mimi ndiye niliyeishi nao. Akaandika.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi kaja. Dada mkubwa wa mume wangu, macho kama ya mkaguzi. Akauliza tangu lini bibi harusi hacheki. Kisha akafungua mkoba, akatoa tofi.

Kukataa kungekuwa ushahidi. Nikala. Tofi ikanata, kofia ikang'oka ikabaki ndani ya tofi, nikavitemea vyote kwenye leso. Wifi akasema, "Pole mdogo wangu, naona hata pipi imekushinda."

Nimelia bafuni, nimekaa juu ya ndoo. Mume wangu akagonga, akauliza kama dada yake kanikosea. Nikashindwa kujibu bila jino. Akaenda kugombana naye. Sasa hawasemezani. Kwa ajili yangu. Sijawahi kupendwa hivi, wala kujichukia hivi.

Jumatatu, 10 Machi

Ningerudi kwa daktari, lakini sokoni nilishakwenda na mafua nilishaugua. Udhuru umeniishia. Nikachukua gundi ya fremu kutoka studio.

Inashika. Ilishika kofia, upande. Ilishika na mdomo wa juu, ukabaki umebenuka. Wakati wa chakula mume wangu akauliza kwa upole kwa nini namdharau.

Ikabidi niende. Daktari alikwangua saa nzima. Mwishoni akasema gundi ile ingeweza kuniozesha kisiki, na hapo hata kofia isingepata pa kukaa. Kisha akaniuliza kama nyumbani nina mtu mzima.

Jumatano, 19 Machi

Kofia imekuja. Kabla ya kuigandisha akanipa kioo, akanisogeza dirishani penye mwanga wa jua. Nitazame rangi, nitazame umbo, nitamke "samaki sita" aone ulimi unavyopita. Ikishaganda imeganda, kuibadilisha ni kuivunja.

Nikatazama. Mwanya kama mlango ulioachwa wazi. Nikamwambia hakuna haja ya samaki, agandishe. Akauliza mara ya pili. Nikasema agandishe.

Mlangoni nikageuka kusema asante. Ikatoka filimbi. Wagonjwa wote kwenye benchi wakainua vichwa.

Jumamosi, 22 Machi

Tangu Jumatano nayakimbia maneno yenye filimbi. Sukari naiita ile tamu. Samahani siisemi kabisa, na ndoa changa inahitaji samahani nyingi.

Leo studio. Wifi naye kaja, wamepatana, kashika taa. Mume wangu akasema tabasamu, Mwanya. Nikatabasamu. Akashusha kamera. Akauliza kuna nini. Nikasema sijui, filimbi ikatoka. Wifi akauliza kama naita teksi.

Nikamwaga yote. Soda, sokoni, tofi, gundi, vidole. Kila sentensi na filimbi zake.

Mume wangu akaenda kwenye rafu, akarudi na kikopo cha filamu, akanimiminia kiganjani. Kipande cha jino langu. Alikiokota siku ileile chini ya kiti chake. Aliona naona haya, akaamua kungoja nimwambie mwenyewe. Amengoja siku kumi na tisa.

Siku ileile. Maziwa yalikuwepo mezani.

Akasema tena, polepole, kwamba zile picha kumi na mbili hazikuwa za mwanya. Nilikuwa namgombeza, na alipenda kunisikia. Mwanya aliuona baadaye, alipozisafisha.

Picha imepigwa, mdomo umefungwa. Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari, kofia ivunjwe, tuanze upya. Nimeapa mbele ya wifi: sitamficha mume wangu kitu tena maishani.

Jumapili, 23 Machi

Asubuhi ya raha. Mume wangu kapanga upya kabati na kitanda peke yake, kwa sababu nilisema dirisha lingependeza likiwa upande ule wa kitanda. Akakaa chini, jasho linamtiririka. Soda ipo. Opena bado haijaonekana.

Safari hii sikutumia meno ya mbele. Mimi si mjinga. Nilitumia ya nyuma, kushoto.

Kizibo kikatoka. Kitu kikadunda sakafuni. Nikakisukuma kwa mguu hadi chini ya kabati, nikampa soda, nikatabasamu kwa macho.

Akanywa yote. Hakuona kitu.