Itifaki ya Kuwasha Kompyuta ya Idara

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Vyeti vya Kuzaliwa iliutangazia umma siku ya Jumatatu kwamba kompyuta yake sasa ina mifumo endeshi miwili. Ofisi nyingine zina mmoja, na nyingine zinahangaika na madaftari, poleni zao. Mkurugenzi alikata utepe uliofungwa kwenye waya wa umeme, kisha akasoma Waraka Namba Moja: kompyuta isizimwe wala kuwashwa bila idhini ya Kamati, na neno la kompyuta ndilo la mwisho, halipingwi na mtu wa cheo chochote. Tukapiga makofi. Mimi, Katibu wa Kamati, nilipiga ya ziada.

Mkurugenzi wetu, kwa wasiomjua, ana umri wa miaka hamsini na minane. Amekuwa nao kwa uaminifu mkubwa. Nimesoma hotuba katika sherehe zake tisa za kutimiza miaka hamsini na minane, na kila mara hushangaa jinsi siku zinavyokwenda. Kwa kuwa sisi watumishi tunastaafishwa tukifika sitini, tumshukuru Mungu kwa kiongozi asiye na papara.

Basi kompyuta ikawaka. Ikaenda moja kwa moja kwenye mfumo mpya, wenye picha nzuri ya mlima na bila jina la binadamu hata mmoja. Mfumo wa zamani, uliobeba rejista yote ya waliozaliwa, haukuonekana. Mkurugenzi akasema hayo ni mafanikio, maana sasa foleni itapungua.

Foleni yenyewe ilikuwa mtu mmoja, mama fundi cherehani.

"Jamani, shule imesema mtoto asiye na cheti haandikishwi mtihani," akasema. "Mwisho Ijumaa, saa sita mchana. Mnanizungusha tangu mwezi jana!"

"Subira huvuta heri, mama," nikamjibu.

"Yangu imevuta mpaka kamba imekatika."

Akaketi kwenye benchi la mlangoni, akatoa sare ya shule ya bintiye, akaanza kupinda upindo.

Tukamwita fundi wa kompyuta. Akaja dada mmoja mwenye flashi imening'inia kwenye funguo zake. Mkurugenzi akamuuliza fundi mwenyewe atafika saa ngapi.

"Ndiye mimi, mzee." Akabonyeza hapa na pale. "Mfumo wa zamani haujafa. Umo humo ndani, mzima wa afya. Ila huyu mpya, mlipomwingiza, amekalia mlango na hamjui mwenzake. Nazima, nawasha kwa flashi, natengeneza orodha ya mlangoni ili mashine iulize unataka mfumo upi. Dakika kumi tu, chai haijapoa."

"Unazima?" Mkurugenzi akauliza, utadhani katukanwa.

Ndipo Kamati ikaingia kazini. Jumanne tulijadili kama kuzima ni kuzima, au ni kusitisha mwanga kwa muda. Jumatano tulijadili mfumo upi utangulie kwenye orodha. Wengine walisema wa zamani, kwa sababu una umri. Wengine wakasema mpya, kwa sababu umeteuliwa na Mkurugenzi. Mjumbe mmoja alipendekeza yote miwili iwe ya kwanza, nasi tukamwandika kwenye kumbukumbu kuwa ni mtu wa maono. Alhamisi tuliahirisha kikao kwa kuwa kiti cha mwenyekiti kilikuwa kinalia. Siku zote hizo mama alikuwa pale pale benchini, na upindo wa sare aliufumua na kuushona upya mara tatu.

Ijumaa saa tano na dakika ishirini idhini ikatoka, ikiwa na sahihi kumi na moja. Yule dada akazima, akachomeka flashi, akaandika mistari michache, akawasha. Dakika tisa. Orodha ikatokea, mfumo wa zamani juu, mpya chini. Akachagua wa juu, na rejista ikafunguka. Mama aliruka kutoka benchini.

"Mwanangu, andika jina la binti yangu, upesi!"

"Hebu!" Mkurugenzi akainua mkono. "Kuna itifaki hapa. Mkubwa hutangulia. Jina la kwanza kutoka humu litakuwa langu."

"Mzee, mama wa watu amebakiwa na nusu saa..." dada akasema.

"Nimesema!"

Dada akaliandika jina lake, printa ikakohoa. Karatasi ikamdondokea mama, aliyekuwa karibu zaidi, naye akausoma mwaka wa kuzaliwa na kupiga hesabu papo hapo, maana kazi yake ni vipimo.

"He! Baba, kumbe umekula chumvi hivi? Sitini na saba!"

Wajumbe wakasogea kuisoma karatasi.

"Hiyo ni hitilafu!" Mkurugenzi akafoka. "Zimeni hiyo mashine!"

Dada akakunja mikono. "Haizimwi bila Kamati, mzee. Waraka Namba Moja."

Wote wakanigeukia. Waraka nilikuwa nao mkononi, ningefanyaje? "Na neno la kompyuta ndilo la mwisho," nikasoma, sauti ikitetemeka kwa uzalendo.

Wakati Mkurugenzi ananinyang'anya waraka ausome mwenyewe, dada alishaandika jina la binti. Cheti kikatoka kikiwa na joto bado. Mama akakibusu, akakikunjia ndani ya sare, akatoka mbio na kusahau sindano yake benchini.

Kwa mujibu wa taratibu, anayepinga umri wake hujaza fomu na kusubiri Kamati mlangoni. Nikiwa Kaimu Mkurugenzi tangu dakika mbili zilizopita, nilimwonyesha mahali.

"Katibu, mwanangu, si mimi niliyekuajiri?"

"Subira huvuta heri, mzee. Kamati inakaa Alhamisi."

Akaketi. Akaruka na kupiga ukelele, akaichomoa sindano, akaketi tena taratibu.

Nilipogeuka, nikamkuta dada bado yupo kwenye kompyuta, vidole juu ya vitufe.

"Kaimu," akasema kwa adabu, "na wewe nikuangalizie?"

Nikatazama mlangoni. Mzee alikuwa ameshasogea kunipisha.